TaSUBa Bagamoyo: usiende usiku tu, nenda na mchana wanapofundishwa

Wengi wanaijua TaSUBa, yaani Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, kwa lile tamasha la kila mwaka basi, wanafika jioni wanacheki shoo wanakula pweza wanarudi Dar. Mi nasema mnakosa nusu ya mambo. Chuo kipo tangu 1981 na utamu wake hasa upo mchana, pale mwalimu au msanii mgeni anapowarudisha wanachuo kwenye kipande kilekile cha ngoma weee mpaka miguu na mapigo viende pamoja.

Chukulia muheme ya Wagogo. Jukwaani unaona kinadada wamebana ngoma mapajani wanapiga huku wanaimba, unasema ah hii hata mimi naiweza, ila ukikaa kwenye wokshopu ndo unagundua kuna anayeshikilia pigo la chini na wengine wanapishana juu yake, mmoja akipotea kidogo tu wote wanasikia, mwalimu anasimamisha, wanaanza upya. Halafu hapa ndo marehemu Hukwe Zawose, yule mwanamuziki maarufu wa Kigogo, alikuwa akifundisha, kwa hiyo ilimba (ile ala ya kupigwa kwa vidole gumba) na zeze havichukuliwi kama pambo la kupigia picha watalii.

Sasa ukirudi usiku ukiwa umeshaona mazoezi, shoo inakuwa kitu kingine kabisa. Bugobogobo ya Wasukuma ile na majembe yao, unajua kabisa saa ngapi jembe litarushwa na bado moyo unaruka! Sarakasi nazo balaa, watoto waje tu hawatachoka. Maigizo mi sio mpenzi sana, nawaachia wengine waseme. Ila sindimba ya Wamakonde ikiingia watazamaji wote wanasimama na masimu juu, jamani kaeni basi, wengine tumekuja kuangalia viuno na miguu sio migongo yenu.

Ukumbi wa mwanzo uliungua 2002, wa sasa ni mkubwa tu, we kaa mbele upande wa wapiga ngoma maana ukikaa huko nyuma kabisa zile nyuzi za zeze zinamezwa na kelele.

Kutoka Dar ni kama km 70, gari zipo stendi ya Makumbusho. Tarehe za tamasha zinabadilika so cheki tangazo kwanza, na kama unataka kuona mazoezi fika asubuhi uombe ruhusa ofisini kwa ustaarabu. Chumba tafuta mapema, na dawa ya mbu usisahau.