Uzoefu wangu na VirusTotal: yasome majina ya vitisho, usihesabu alama nyekundu tu

Kwa muda mrefu nimekuwa nikitumia VirusTotal kukagua viambatisho vya barua pepe na programu ninazopakua, na sijaona huduma nyingine ya bure inayomweleza mtumiaji wa kawaida kwa uwazi kiasi hiki si tu kwamba faili ni hatari, bali ni hatari ya aina gani. Ilianzishwa Hispania mwaka 2004, kisha ikanunuliwa na Google mwaka 2012. Huhitaji kusakinisha chochote. Unapakia faili kwenye tovuti yake, nayo hukaguliwa kwa mkupuo mmoja na makumi ya programu za kuzuia virusi.

Chukua mfano wa kiambatisho nilichotumiwa kikijiita ankara. Kwenye kompyuta kilionekana kama hati ya PDF, kwa kuwa Windows kwa kawaida huficha herufi za mwisho za jina la faili, kumbe jina lake kamili liliishia na .pdf.exe. Duara la matokeo lilikuwa jekundu, lakini kilichonifaa zaidi ni majina yaliyoorodheshwa chini yake. Programu kadhaa zilikiita Trojan-Downloader, yaani trojani inayojifanya kitu halali ili ifunguliwe, kisha ikishafunguliwa huvuta programu hasidi nyingine kutoka kwenye seva ya mbali. Kwa jina hilo peke yake nilielewa kwamba mtu aliyekwisha kukifungua hawezi kuridhika kwa kukifuta, kwa sababu kilichokuja baadaye huenda bado kimo ndani ya kompyuta.

Usishangae faili moja ikibeba majina matano, maana kila kampuni ina mtindo wake. Programu iliyoshambulia kompyuta katika nchi zaidi ya 150 mwezi Mei 2017 wengi wanaijua kama WannaCry, ilhali Microsoft huiita Ransom:Win32/WannaCrypt. Katika jina hilo, sehemu ya kwanza ni aina ya kitisho, ya pili ni mfumo kinaoushambulia, na ya mwisho ni ukoo wake. Ransom ni programu inayozifunga faili zako kwa usimbaji kisha ikadai fidia. Worm ni mnyoo, unaojisambaza wenyewe mtandaoni bila kusubiri mtu abofye chochote. WannaCry ilikuwa na tabia zote mbili, na ilipita kwenye udhaifu wa Windows ambao Microsoft ilikuwa imeshautolea kiraka, yaani sasisho la kuuziba, mwezi Machi mwaka huohuo. Spy na Adware zinajieleza haraka: ya kwanza hupeleleza, ya pili hukumiminia matangazo.

Idadi ya alama nyekundu, yaani programu ngapi zimeiona faili kuwa hatari, kwa upande wake huwapotosha wengi. Programu ndogo halali iliyotoka juzi inaweza kupata alama moja au mbili zenye maneno kama Heur au Generic, ambayo mara nyingi huashiria kwamba mkaguzi amekisia kutokana na dalili za jumla, hajatambua kitisho mahususi. Kinyume chake ndicho kibaya zaidi: faili isiyo na alama hata moja inaweza kuwa hasidi ikiwa ni mpya kiasi kwamba hakuna aliyeichunguza. Kwa hiyo huwa naangalia tarehe ambayo faili ilipakiwa kwa mara ya kwanza. Ikiwa ni leo, sifuri haina uzito wowote, na ni heri kusubiri siku chache kisha kuomba ukaguzi urudiwe.

Viungo vya tovuti pia hukaguliwa, jambo linalosaidia sana dhidi ya hadaa, kwani ukurasa bandia wa kuingilia akaunti unaweza kukuibia nenosiri bila kuwa na virusi hata kimoja.

Ninachosisitiza kwa nguvu zote ni faragha. Faili unayoipakia hushirikishwa kampuni za usalama na wateja wanaolipia huduma, kwa hiyo usipakie kamwe mkataba, cheti cha matibabu wala kiungo cha kubadilishia nenosiri. Kwa hati za namna hiyo, tumia amri ya Get-FileHash ya PowerShell, dirisha la amri la Windows, kupata heshi ya SHA-256, yaani utambulisho wa faili unaokokotolewa kutoka kwenye yaliyomo, wenye herufi na tarakimu 64, kisha itafute heshi hiyo kwenye tovuti. Ikiwa faili ilishakaguliwa, matokeo yatatokea bila yaliyomo kutoka kwenye kompyuta yako.