Maji ya migodi ya makaa ya mawe: chokaa ya unga au mtaro wa mawe?

Pennsylvania na West Virginia, huko Marekani, migodi mingi iliyoachwa bado inavujisha asidi. Pairiti, madini ya chuma na salfa, ikikutana na hewa na maji huzaa asidi ya salfa na chuma, kisha chuma hicho hufunika changarawe kwa utando wa rangi ya chungwa na kuyakosesha hewa mayai ya samaki aina ya trauti.

Chokaa ya unga inayomiminwa kwa mashine ndiyo njia ya uhakika ya kuua asidi hiyo: pH (kipimo kinachopanda asidi ikipungua) hupanda hadi 8 au 9, chuma kikatuama bwawani. Ila inataka umeme, mtu wa zamu na pa kutupa tope, miaka nenda miaka rudi. Mashine ikikwama usiku mmoja, asidi huwafikia samaki.

Mtaro wa mawe ya chokaa uliofukiwa hauli umeme. Maji hukaa humo saa 15 hivi, mawe yakiua asidi. Masharti yake ni makali: oksijeni, alumini na chuma kilichokwisha kuoksidika, kila kimoja kisizidi miligramu 1 kwa lita ya maji yanayoingia. Alumini ikizidi, huganda katikati ya mawe na mtaro huziba. Dawa ni kufukua upya, gharama isiyo ndogo. Kwa mtiririko mdogo usio na alumini tungechagua mtaro, baada ya kupima maji mwaka mzima, masika na kiangazi.