Uzoefu wangu: niliagiza Richard Harrison wa kauboi nikajaziwa wa duka la bondi

Wakuu, naleta mrejesho wa huduma ya kujaziwa muvi kwenye flashi. Duka sitolitaja, dogo mwenyewe mstaarabu na kosa nusu yake ni langu.

Mzee wangu muvi kwake ni kauboi tu, zile za Waitaliano alizokuwa anaziona Avalon na Empress pale Dar enzi za ujana wake, akaniambia nimtafutie za Richard Harrison. Nikamtumia dogo meseji, "nijazie zote za Richard Harrison", flashi ya GB 32, buku tano, kesho yake mchana tayari. Kwa spidi sina neno.

Jioni tumekaa, mzee kavaa miwani, nawasha, anatokea babu kavaa kofia kanuna, yuko dukani Las Vegas. Tumevumilia kama dakika kumi mzee akaniuliza, "farasi wako wapi?"

Kumbe hao kina Richard Harrison wapo wengi bwana. Yule babu ni Richard Benjamin Harrison wa kipindi cha TV cha Pawn Stars, katumikia jeshi la majini la Marekani miaka 20, baadaye ndo yeye na mwanae wakafungua duka la kuweka vitu bondi, amefariki 2018. Wetu wa kauboi kazaliwa 1936 Salt Lake City, akaenda zake Italia kucheza, na 1963 kuna kauboi kacheza ambayo muziki ni wa Ennio Morricone, hapo Morricone hata hajaanza kufanya kazi na muongozaji Sergio Leone. Halafu huyuhuyu ndo aliikataa ile kauboi ya Leone ya 1964, A Fistful of Dollars, akawaambia mchukueni Clint Eastwood, na ndo ikampa Eastwood umaarufu. Yaani jamaa kamtengenezea mwenzie maisha kwa kusema sitaki! Mzee hii stori nimemsimulia mara tatu na bado anatikisa kichwa.

Nikarudi dukani. "Kaka nisamehe, mi niliandika jina nikashusha zilizokuja juu." Karudia bure, sikudaiwa hata mia. Safari hii nusu kauboi nusu ninja, nikajua kachapia tena, kumbe hapana ni yeye yule, miaka ya 80 alicheza muvi za ninja za muongozaji Godfrey Ho wa Hong Kong, kapigwa picha za muvi chache tu, kina Ho wakazikatakata wakazibandika kwenye muvi kibao, ndo maana stori haiunganiki hata uangalie na daftari mkononi, na kuna sehemu ninja mzima anaongea na simu yenye umbo la yule paka Garfield 😂

Wa tatu nimemkuta mwenyewe nikigugo, Richard B. Harrison, mweusi, kazaliwa 1864 Kanada, wazazi wake walitoroka utumwa Marekani. Huyu alikuwa mtu wa jukwaani, alicheza nafasi ya Mungu kwenye tamthilia ya The Green Pastures, Broadway na kwenye ziara, jumla zaidi ya mara 1,600, Machi 1935 akatoka gamba la mbele la jarida la Time na mwezi huohuo akafariki. Nimekaa na picha yake muda mrefu kuliko hizo ninja zote.

Alama zangu kati ya tano: spidi tano, bei tano, umakini wa majina mbili. Ukiagiza tuma na picha na mwaka wa muvi.

Zile za bondi nilitaka kuzifuta mzee kakataa, anasema babu yule anajua kubana hela. Flashi imejaa, inabidi ninunue nyingine.