Darasa la kompyuta kwa wafanyakazi wa makamo, Mwembe Tayari, Mombasa

Nimemaliza wiki sita za darasa la jioni la kompyuta kwa wafanyakazi waliopita miaka 50, na ninalisifu kwa dhati. Mimi ni karani wa uwakala wa forodha. Tangu stakabadhi za mizigo ya bandari ya Kilindini zihamie mtandaoni, nilikuwa nikimtegemea kijana wa ofisini hata kuwasilisha ritani yangu ya kodi kwenye iTax, mfumo wa mtandaoni wa Mamlaka ya Mapato ya Kenya. Mwalimu alianza na mkono: alituonyesha namna ya kulaza kiganja juu ya kipanya na kubofya mara mbili bila kukisogeza, na hakumpokonya mtu kipanya ili amfanyie kazi yake. Mama mmoja, mweka hesabu wa duka la vitambaa, alizoea kujumlisha kwa kikokotoo kisha kuandika jibu kwenye Excel; siku alipoandika =SUM na safu nzima ikajijumlisha, alinyamaza, akafuta miwani, akairudia hesabu ile mara tatu. Ada ni ya wastani. Kasoro ni vitini, vilivyochapwa kwa herufi ndogo mno kwa macho yetu, na somo la usalama wa nywila, ambalo tulipitishwa mbiombio ilhali ndilo tunalolihitaji kila siku.