Vyumba vya kupangisha Ujiji: ukarabati kwa mkopo au kwa kodi ya mbele?

Una vyumba vinne vya uani Ujiji, bati limeoza na choo cha shimo kinakaribia kujaa. Fedha utaitoa wapi?

Kupitia Benki Kuu kuna Mfuko wa Mikopo Midogo Midogo ya Nyumba. Mfuko haukupi fedha mkononi; unazikopesha benki na taasisi za fedha, nazo ndizo zinazomkopesha mwenye kipato cha chini ajenge au akarabati. Uzuri wake, unalipa kidogo kidogo na mpangaji hasumbuliwi. Ila ni mkopo, si ruzuku. Riba ipo, dhamana utaulizwa, na mwenye nyumba ya urithi isiyo na karatasi (na Ujiji ni mji wa siku nyingi) huenda akarudi mikono mitupu.

Kodi ya miezi sita mbele haina riba wala fomu. Lakini mpangaji wako, tuseme mama ntilie wa Mwanga hapa Kigoma, ataitoa wapi yote kwa mkupuo? Utampata mwenye mshahara, mama ntilie atahama. Halafu kodi yote ikiishia kwenye ukarabati, miezi hiyo sita wewe utakula nini?

Kwa paa ningekopa. Kwa choo ningeomba kodi ya miezi miwili tu, wapangaji wenyewe wakiridhia.