Popo wa mgombani na popo wa darini, yupi ni yupi?

Wengi wakiona popo mdogo jioni wanaishia hapohapo, popo ni popo, lakini huku Afrika Mashariki kuna wawili hawa wala wadudu ambao ukishawajua huwachanganyi tena.

Wa mgombani ni mdogo hasa, gramu 3 au 4 hivi, kahawia, na mchana analala ndani ya lile jani changa la katikati ambalo bado limejikunja kama bomba. Jani lenyewe linateleza, sasa ukimwangalia karibu utaona chini ya kidole gumba na kwenye nyayo ana vijinyama laini vya kugandia. Shida ni kwamba jani halikawii kufunguka, basi anahamia lingine, maisha yake ni kuhamahama tu humohumo shambani, peke yake au na wenzake wachache.

Wa darini ana gramu 10 hivi na mkia wake umechomoza nje ya utando, ile ngozi nyembamba kati ya miguu ya nyuma, yule mwingine wake umefungwa ndani. Anapenda chini ya mabati, lile joto la saa nane mchana yeye poa tu, na wanajazana hata mamia. Mabawa membamba marefu, anaruka juu kwa kasi, wakati wa mgombani anapepea taratibu chini chini kwenye miti.

Kuchagua jirani? Mimi wa mgombani. Huyu wa darini wadudu anakula kweli, ila harufu ya mkojo kwenye silingibodi, weee acha tu! Ukiziba nyufa ziba usiku wakishatoka, na hakikisha hamna watoto ndani, watafia humo.