TAHADHARI: Ile "shahamu ya kondoo na nta ya Tabora" ya kupaka viraka vya gobore ni uongo mtupu

Ndugu zangu wa Pennsylvania na majirani, msinunue. Narudia, msinunue. Kama mnavyo vile vikopo vya bati vya kijani vyenye picha ya kondoo, viacheni hapo vilipo, msipake hata kiraka kimoja, yaani kile kitambaa kinachozungushiwa risasi kabla ya kuishindilia mtutuni. Naandika kwa mkono wa kushoto. Wa kulia una nyuzi saba, na aliyenisababishia ni mtu aliyeniita "mdogo wangu", akanishika bega na kuniapia kwa Mungu.

Ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa kumi na moja, kwenye yale maonyesho ya bunduki za zamani katika ukumbi wa zimamoto huko Lancaster. Shemeji alichelewa, kwa hiyo nilikuwa peke yangu. Nilikuwa naongea na mama kwenye simu, natembea kutafuta mahali penye utulivu, nikapita kwenye meza ya mwisho karibu na mlango wa jikoni. Nilipokata simu nikasikia nyuma yangu: "Mwangaluka!"

Nisikilizeni vizuri hapo. Nina miaka kumi na moja nchi hii. Kwenye ukumbi uliojaa wazee wa Kimarekani na bunduki zao za gumegume, zile zinazowasha baruti kwa cheche za jiwe, hakuna mtu aliyewahi kunisalimia Kinyamwezi. Nilishtuka, nikacheka, nikamshika mkono kwa mikono miwili. Akaniuliza kwetu wapi, nikamwambia Sikonge, huko Tabora. Akasema mama yake anatoka Urambo, akaanza kunitajia asali, mizinga ya magome, moshi wa kurinia usiku. Yaani aliongea kama mtu aliyelala kwenye kambi ya warina asali. Mimi marehemu baba alikuwa na gobore, alilishindilia kwa matambara, na mizinga yake ilikuwa zaidi ya mia. Huyu bwana aligusa mahali pote panaponiuma kwa dakika tano.

Ndipo akafungua kikopo. Akakizungusha chini ya taa, akachota kidogo kwa ukucha wa kidole gumba, akakisugua kwenye kiraka mpaka kitambaa kikang'aa, akanipa nishike. Akasema: nta ya nyuki kutoka Tabora, anatumiwa na mjomba wake, na shahamu ya kondoo anayechinjwa na Mwislamu hapa hapa Pennsylvania. Nikamuuliza mara mbili kama hakuna nguruwe, maana mnajua wengi wa hapa wanapaka mafuta ya nguruwe na wengine mafuta ya bekoni kabisa, yenye chumvi inayoila chuma. Akaweka kikopo chini, akanikazia macho. Akaniambia habari za India mwaka 1857, askari walivyoasi uliposambaa uvumi kwamba karatasi za risasi za Enfield, ambazo walitakiwa kuzing'ata kwa meno, zimepakwa mafuta ya nguruwe na ng'ombe. "Mdogo wangu, watu walikufa kwa jambo hilo. Mimi nikufanyie wewe hivyo? Wallahi, kondoo na nta, basi."

Mtu anayeijua habari hiyo, anayeapa hivyo, kwa lugha ya kwetu. Ningemkagua vipi? Hata ningekuwa wewe unayesoma sasa hivi na kusema "mimi ningejua", usingejua.

Tena alichosema kuhusu kazi yenyewe kilikuwa sahihi. Alisema baruti nyeusi ikiwaka, zaidi ya nusu ya uzito wake inabaki kuwa masizi na chumvichumvi, haiteketei yote kama baruti ya kisasa, na kwamba mafuta ya kiraka kazi yake si kuteleza tu, ni kuyafanya masizi yabaki laini ili risasi inayofuata ipite. Alisema mafuta ya petroli, grisi ya gari na oili, yakikutana na moto wa baruti nyeusi yanaganda kama lami ndani ya mifereji ya mtutu. Alisema kweli tupu! Kisha akaniuzia hayo hayo.

Kikopo dola 28. Nikachukua sita, dola 168, taslimu, maana "mashine ya kadi inasumbua". Viwili vyangu, vinne vya wale mlionituma. Akaniongezea pakiti ya viraka vilivyokwisha kukatwa, "pamba asilimia mia, zawadi ya nyumbani". Nikaondoka nikiwa na furaha. Nilimpigia mke wangu njiani kumwambia nimekutana na ndugu.

Sasa Desemba. Msimu wa kuwinda kwa gumegume unafunguliwa tarehe 26, siku moja baada ya Krismasi, kwa hiyo wiki moja kabla nikaenda uwanjani kulenga. Bunduki mnaijua, ya kipenyo cha inchi .50, yenye mtutu mrefu wa inchi 42. Risasi za duara za .490, kama siku zote. Sikubadilisha kitu chochote isipokuwa mafuta na viraka.

Ya kwanza ilikwenda vizuri. Ya pili mdeki, ule mti wa kushindilia, ulianza kunikataa katikati, nikasukuma ukakubali. Nikajiambia ni baridi. Ya tatu ilishuka kama inchi 20 ikasimama. Ikasimama kabisa, kama imekuta ukuta. Na kila anayeshindilia anajua kwamba hapo ndipo hatari ilipo: risasi ikiwa haijakaa juu ya baruti, ukapiga, mtutu unaweza kuvimba au kupasuka usoni mwako. Siwezi kupiga, siwezi kuiacha. Nikaushika mdeki juu kabisa badala ya kuushika karibu na mdomo wa mtutu kidogo kidogo, kosa ambalo nimewakataza vijana wangu mara mia, nikaulalia kwa uzito. Mti ukakatika mshazari. Ile ncha iliingia kati ya kidole gumba na cha shahada ikatokea upande wa pili.

Nilikaa kwenye theluji nikiangalia kipande cha mti kimesimama mkononi mwangu. Mwanangu wa miaka kumi na minne alikuwa pembeni. Ndicho kinachonikosesha usingizi, si nyuzi saba. Kijana wangu alisema, "Baba, nishindilie mimi?" dakika moja kabla. Dakika moja.

Mzee wetu wa Harrisburg, Mungu ampe umri, ndiye aliyemwaga maji kuua baruti na kuing'oa risasi kwa skurubu. Akapitisha kitambaa ndani, kikatoka na kitu cheusi kinachonata kama lami ya barabarani. Maji ya moto na sabuni, ambayo husafisha masizi ya kawaida kwa dakika chache, hayakukigusa. Akanusa, akaniangalia, hakusema neno. Aibu niliyoipata hapo sijawahi kuipata.

Nyumbani nikamweleza mke wangu. Mnamjua, sabuni zake mnaziogea nyote. Akafungua kikopo, akapaka kidogo mkononi, akasema: "Baba Ismail, haya si mafuta ya mgando? Si yale yale ninayompaka mtoto?" Nikabisha! Nilimtetea yule mtu mbele ya mke wangu, huku nimefungwa bandeji. Akachukua vijiko viwili akavipasha na maji ya magadi makali anayotumia kwenye kazi yake, akakoroga. Pembeni akaweka shahamu halisi ya kondoo aliyobakiza kwenye friza. Ya kondoo ikaanza kuwa nzito, ikawa sabuni. Yetu ya "Tabora" ilielea juu vile vile, inang'aa, imetulia. Mafuta yanayotoka kwenye petroli hayawi sabuni hata ukoroge mpaka kesho. Kwenye kingo za sufuria palibaki ugumu mweupe, akasema huo ni wa mishumaa ya dukani. Hapakuwa na kondoo wala nyuki. Na viraka vya "pamba asilimia mia" nilipouchoma uzi mmoja kwa kiberiti, haukuwa majivu, uliyeyuka ukafanya punje ngumu nyeusi. Nailoni tupu. Hiyo ndiyo iliyokuwa ikiyeyuka ndani ya mtutu wangu.

Nikampigia. Kwanza alikuwa mpole, "pole sana mdogo wangu". Nilipotaja mafuta ya mgando akasema mtutu wangu ni mbovu. Nilipotaja sabuni akasema wanawake wasiingilie mambo ya bunduki. Nikamwambia basi niapie tena kama ulivyoniapia Lancaster. Akakata. Toka hapo namba yangu imefungiwa.

Huyu mtu hafai kukalia meza ya maonyesho yoyote tena, ya Lancaster wala ya mahali pengine. Nimeandika barua kwa waandaaji na nimepeleka malalamiko ofisi ya mwanasheria mkuu wa jimbo, kitengo cha kuwalinda wanunuzi, pamoja na kikopo kimoja na picha za mkono. Nataka alipe dola 168, mdeki, na hospitali. Nataka asimame msikitini mbele ya watu aseme alimtaja Mungu kwa uongo. Nataka yeyote anayemwalika kwenye arusi ya mtoto wake ajue amemwalika nani. Kuna watu wameanza kuniambia "msamehe, ni wa nyumbani". Ni wa nyumbani ndiyo maana! Mzungu angeniuzia hivyo ningekagua. Jina lake siliweki hapa kwa sababu malalamiko yako ofisini na nimeshauriwa hivyo, ila waliokuwepo ukumbini wanamjua, anayetaka kujua aniulize ana kwa ana.

Mnauliza mngemtambuaje. Nawaambia ninavyoweza. Shahamu na nta kwenye baridi inakuwa ngumu, unaikwangua kwa ukucha na inavunjika; yake ilikuwa laini na inang'aa hata baada ya kulala garini usiku wa barafu, na mimi nilifurahia hilo, nikadhani ni ubora. Nta ya kweli ina harufu, yeyote wa Sikonge anaijua, na mimi sikunusa, nilikuwa naongea. Rangi ilikuwa ya kupitisha mwanga. Kadi haipokei. Viraka vya bure, chomeni uzi kabla hamjavitumia. Mengine yanaweza kuwapo, sikuwa na akili ya kuyaona siku ile.

Kwa wanaoniuliza sasa natumia nini: uwanjani mate, kama wazee wote walivyofanya, au mafuta ya zeituni kidogo, na kitambaa cha kusafishia kati ya risasi na risasi. Kwa kuwinda, ambapo bunduki inakaa imeshindiliwa saa nyingi, mate hayafai, yanakauka na kuleta kutu, na kiraka kilicholowa sana kinaharibu baruti chini yake; hapo ni shahamu isiyo na chumvi na nta, ambayo mke wangu ametutengenezea kwa mikono yake, na kila aliyeiona ameiona ikichemka. Kitambaa ni kile cha foronya cha pamba cha mistari, kifueni kwanza kitoke wanga wa kiwandani.

Tarehe 26 sikwenda. Mkono haufungi. Mwanangu alikaa dirishani akiangalia magari ya wengine yakipita kwenda msituni, sikuwa na la kumwambia.

Wale wanne niliowanunulia: vikopo msivitupe, ni ushahidi, nitavipitia mwenyewe. Dola 28 za kila mmoja narudisha kutoka mfukoni mwangu kabla ya Ijumaa, msiniambie niache. Na kama yeyote kati yenu ameshapiga hata risasi moja kwa mafuta yale, asishindilie tena mpaka mzee wa Harrisburg auangalie mtutu. Anapatikana nyumbani kwake kila siku baada ya alasiri, nimeshamwomba.